Watu wa Lupepo Waseme

Gerezani, Tukuyu
14 Machi 1994

Shemeji Sekela,

Ukiona mwandiko huu utadhani barua imepotea njia, maana unanijua sikuwahi kushika kalamu. Ni mimi Hezron, mdogo wake marehemu mume wako Ackson. Ni mimi niliyemuua. Nimeliandika hilo mwanzoni kabisa usije ukasema nimeanza kwa kuzunguka.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Humu ndani kuna darasa la ngumbaru, tunakaa jioni tukishatoka shamba. Mwalimu ni mfungwa mwenzetu, anaitwa Hasheem, fundi cherehani wa hapo mjini. Ni Mwislamu, babu yake alikuja Tukuyu na biashara ya nguo kutoka Bagamoyo. Alifungwa kwa kununua vitambaa vya wizi. Mwanzoni alitufundisha kuandika majina yetu. Siku hizi nchi imeingia vyama vingi na redio haina habari nyingine, basi anatufundisha uraia: serikali ni nini, mkutano ni nini, na mtu akishindwa mkutanoni aende wapi na hasira zake.

Wamenihamishia hapa nimalizie kifungo. Nikiwa shambani nauona mlima Rungwe, upande uleule tunaouona nyumbani. Ingekuwa ni juu yangu ningebaki kule mbali.

Shemeji, tangu mwaka ule nina baridi mwilini. Daktari wa gereza amepima, hakuona malaria wala ugonjwa wa kifua. Mimi najua ni nini, na wewe unajua. Wazee wetu waliiita embepo, ile pumzi ya watu wanaonung'unika majumbani mwao juu ya mtu aliyewakosea, inamfuata hadi imfikie. Watu wa Lupepo hawajawahi kunihukumu kwa midomo yao. Aliyenihukumu ni jaji, mtu ambaye hakumjua Ackson hata kwa sura.

Siombi msamaha. Naomba kijiji kikae, watu waseme kwa sauti kama nikitoka nirudi au nisirudi. Natarajia kutoka katikati ya mwaka ujao.

Nisalimie Mama, kama bado anaruhusu jina langu litajwe.

Barua hii itasomwa na afande kabla haijatoka, kwa hiyo usishangae muhuri.

Hezron Mwambelo


Lupepo
20 Mei 1994

Hezron,

Usiniite shemeji. Neno hilo lilikuwa la mtu mwingine, kijana aliyekuwa anakuja jikoni kwangu kuniomba ndizi za kuchoma.

Barua yako nilikaa nayo mvua zote hizi. Mwisho nilimsomea Mama mkwe, kwa sababu wewe ni wa tumbo lake na sina haki ya kumficha.  Aliomba nimsomee tena pale unapotaja baridi, halafu akaenda kulala mchana, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Unataka watu waseme. Watu gani? Hapa jina la Ackson halitajwi mbele yangu, na lako halitajwi kabisa. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza, kila mmoja anakumbuka ana kazi nyumbani. Kile kipande cha migomba mlichogombania hakuna anayekilima. Baraza lilimpa Ackson, kwa hiyo sasa ni changu, lakini kila kibarua ninayemtuma anaingia asubuhi na saa nne ameshatoka. Wanasema ukungu ukishuka wanasikia jembe linachimba na hawamwoni mchimbaji. Mimi nawaambia ni mvua inapiga majani ya migomba. Nawaambia hivyo mchana.

Felista ameolewa Kinyala. Mdogo wake yuko sekondari. Nakutajia hayo ili ujue wameishi.

Usiandike tena.

Sekela


Gerezani, Tukuyu
11 Julai 1994

Mama Felista,

Jina nimekutii. La kutoandika nimeshindwa. Usipoijibu hii, nitajua ndiyo mwisho.

Nataka nikueleze kilichotokea darasani, maana ndicho kilichonifanya nikuandikie mara ya kwanza, na sikukieleza.

Mwaka jana Hasheem alisema darasa lichague mwenyekiti. Humu ndani viongozi huwekwa na askari, kwa hiyo tulicheka. Akaenda kumwomba bwana jela, naye akakubali kwa sharti kwamba yawe ya darasani tu. Tuligombea wawili, mimi na kijana wa mjini anayeitwa Muddy, aliyefungwa kwa kuiba redio. Mimi nilikuwa mkubwa wake, nilikuwa najua kusoma kuliko yeye, na nilikuwa nimeshamwazima sabuni zangu. Nilijua nimepita. Hasheem aliweka chungu nyuma ya blanketi. Kila mtu anaingia peke yake, anatia punje: mahindi ni Hezron, maharage ni Muddy. Chungu kikamwagwa mezani mbele yetu. Maharage yalizidi.

Mama Felista, niliinuka. Niliwatazama wale watu mmoja mmoja nikitafuta aliyenisaliti. Nilikuwa na jembe la shamba nyuma ya mlango na nilijua lilipo. Hasheem aliniona. Hakunigusa wala hakuita askari. Aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hezron, mara ya mwisho kushindwa ilikuwa lini?"

 Mara ya mwisho ilikuwa barazani kwetu, wazee walipoutazama mpaka wakasema kipande ni cha Ackson. Nilitoka pale sijamwambia mtu neno, na jua halikuchwa kabla sijafanya nililofanya. Wazee walisema, mimi nikasikia wamenitukana. Nimekaa gerezani miaka nikidhani nilimuua ndugu yangu kwa ajili ya migomba.

Nilikwenda nikampa Muddy mkono. Tangu siku hiyo Ackson anakuja darasani. Si kwamba nimerukwa na akili, wenzangu hawamwoni na mimi sidai wamwone. Anakaa benchi la nyuma kabisa, amenyoosha mkono, anangoja aitwe. Hasheem hamwiti. Anangoja mpaka taa inazimwa.

Ndiyo maana naomba mkutano. Na kama watu wanaogopana, au wanaogopa ukoo wetu, watumie chungu kama sisi. Mtu akiingia na punje yake nyuma ya pazia hakuna wa kumtazama usoni.

Hezron


Lupepo
3 Septemba 1994

Hezron,

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Bwana Amoni. Alinikaribisha vizuri mpaka nilipotaja nilichojia. Alisema mwaka huu ni wa uchaguzi wa vijiji, wa kwanza wenye vyama vingi, na hataki jambo la damu liingizwe kwenye siasa, chama kimoja kiseme hivi na kingine kiseme vile. Akaniuliza kwa nini wewe mfungwa ndiye unayewafundisha watu walio huru namna ya kukaa mkutano.  Nikiwa njiani narudi nikalipata jibu: kwa sababu sisi tulio huru hatujakaa.

Nitamwendea tena uchaguzi ukipita. Sifanyi hivyo kwa ajili yako. Nimechoka kunyamaziwa kisimani.

Kuna jambo sikutaka kukuambia. Mwezi uliopita nilikuwa sokoni Tukuyu na viazi, wafungwa wakapita na mafyekeo kwenda kufyeka bomani. Nilikuona. Nilijificha nyuma ya magunia mpaka mkapita. Umezeeka, na mgongo wako umekuwa mgongo wa Ackson. Zamani mlifanana kidogo tu. Sikulala siku hiyo.

Nina swali moja na utanijibu, umenidai mengi. Mahakamani ulisema hukumbuki. Ackson alikuambia nini mwisho?

Sekela


Tukuyu
30 Oktoba 1994

Mama Felista,

Nimechelewa kwa sababu barua hii nimeianza mara nyingi.

Mahakamani nilidanganya. Nakumbuka. Alikuwa anapalilia, aliponiona na panga akasimama wima, akafuta mikono kwenye suruali. Hakuonekana kuogopa, alionekana amechoka na mimi. Alisema, "Kama hujaridhika twende tena barazani kesho. Nitakwenda na wewe." Akageuka kuendelea na kazi.

Hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho. Alikuwa ameshinda, na bado alikuwa tayari kurudi na mimi wazee wayapime upya. Ningeridhika angenitukana. Kila siku naomba nikumbuke tusi hata moja, silipati.

Usimsomee Mama hii.

Hasheem amemaliza kifungo chake. Cherehani yake iko barazani kwenye duka la binamu yake, Mwanahalima, karibu na soko. Barua zako ziandikie kwake, zitanifikia upesi kuliko zikipita gerezani.

Hezron


Lupepo
22 Januari 1995

Hezron,

Mkutano umekaa.

Uchaguzi ulipopita, Bwana Amoni akarudi kwenye kiti, nikasimama kwenye kila mkutano walipofika kwenye mengineyo. Mara ya kwanza alisema muda umekwisha. Mara ya pili wanawake wawili wa kisimani walisimama na mimi, sikuwa nimewaomba. Akapanga siku.

Tulikaa uwanja wa shule. Watu walikuja hadi wa kitongoji cha juu, na wengine wa Suma, kijiji jirani, ambao hawana kura kwetu walikaa ukutani kusikiliza. Nilieleza habari ya chungu. Mzee mmoja alisema mwanamume anainua mkono wake waziwazi, haendi kujificha nyuma ya kanga. Bwana Amoni akauliza nani anataka chungu, mikono iliyoinuka ilikuwa mingi, mingi ya wanawake na vijana. Kikaletwa.

Kwanza waliongea. Sijui kama nitaweza kukueleza. Miaka tisa nilidhani hawana la kusema. Mmoja alisema alikuona unapita na panga siku ile, akafikiri unakwenda kukata majani ya ng'ombe, akakusalimu, na tangu hapo hamsalimu mtu mwenye panga. Mmoja alisema mwanawe aliugua kwa sababu walikunung'unikia sana mpaka ile baridi ikawarudia wenyewe. Mwingine alisema ukirudi yeye atahama. Hakuna aliyemkatiza mwenzake.

Halafu likaja la darajani. Kijana mmoja alisema Novemba, siku ya ukungu mzito, alimwona Ackson amesimama kwenye daraja la mto, upande wa kwenda barabarani. Wengine wawili wakasema nao walimwona. Watu walianza kusogeleana. Basi nikasimama nikasema na mimi nilimwona. Nilikuwa natoka kuchuma majani ya chai. Alikuwa amenipa mgongo, na kwa mgongo huo nikamjua. Sikukimbia. Nilisimama hatua chache kutoka kwake, nikamwambia, "Ackson, watoto hawajambo. Usisimame kwenye baridi. Nenda ukapumzike, ndaga, asante." Hakugeuka, na mimi nikapita. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote mpaka siku hiyo mbele ya kijiji kizima.

Mama mkwe alisema wa mwisho. Walimwambia aseme akiwa amekaa, akakataa. Alisema, "Mmoja yuko kaburini. Mwingine sijui yuko wapi. Nimeshindwa kujua nimlilie yupi, nikaacha kulia. Semeni mnachotaka, ili mimi nijue."

Kisha tukaingia mmoja mmoja. Mahindi ni urudi, maharage ni usirudi. Chungu kikamwagwa kwenye meza ya mwalimu mkuu mbele ya watu wote.

Maharage yalizidi, Hezron. Hayakuzidi sana, lakini yalizidi. Usirudi kuishi Lupepo.

Usiniulize nilitia punje gani. Chungu umetuletea wewe.

Watu hawakuondoka. Walikaa mpaka giza likaingia wakimzungumza Ackson, alivyokuwa anapiga mluzi akishuka na ng'ombe, alivyokuwa hajui kuimba na anaimba kanisani. Walimtaja kwa jina mbele yangu. Nilicheka, halafu nikalia, na walikuwepo kwa yote mawili.

Nimeandika mengi lakini hili la kura si la kuambiwa kwa karatasi. Wiki ijayo nitakuja gerezani nikuambie uso kwa uso. Kama barua itanitangulia, unijue nakuja.

Sekela


Lupepo
3 Februari 1995

Hezron,

Nilifika gerezani. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima namna ya kukutazama. Askari wa getini akaniuliza mara mbili jina lako, kisha akasema, "Mama, huyo alitoka Oktoba. Alipata punguzo la tabia njema."

Oktoba. Na mimi nakuandikia kama mtu aliye nyuma ya ukuta.

Nilikwenda kwa huyo Hasheem. Alikuwa anashona, mguu ukasimama kwenye cherehani. Hakunidanganya. Alisema unaishi chumba cha uani, ila umekwenda kuchota maji. Sikukungoja. Nilipanda gari la kwanza lililokuwa linaondoka.

Tangu nirudi nimeweka gogo mlangoni. Mwanangu akitoka nje usiku namwambia aseme jina lake kabla sijafungua. Kijiji kilipiga kura juu ya mtu tuliyedhani amefungwa, kumbe yuko huru na anatuangalia. Ulikuwa unangoja nini? Ulikuwa unataka tukukatae halafu ufanye nini?

Nijibu, na safari hii usifiche.

Sekela


Tukuyu
9 Februari 1995

Mama Felista,

Nilirudi na ndoo nikakuta alama za viatu vyako kwenye tope. Hasheem aliniambia umekuja. Alinigombeza sana. Tangu mwanzo alisema nisikufiche.

Nilikuficha kwa sababu hii. Ningewaambia nimetoka, mkutano ungekaa unasikiliza mlango. Watu wangetia punje wakiwaza panga langu. Wengine wangesema nirudi kwa kuogopa nikikataliwa nitafanya nini. Nilitaka mnikatae au mnikubali mkiwa hamniogopi. Sikuona njia nyingine. Sasa naona nimewapa hofu ileile, nimeichelewesha tu. Hilo ni kosa langu na sina pa kulipeleka.

Unauliza nilikuwa nangoja nini. Nilikuwa nangoja mseme. Hasheem aliniambia katiba hainikatazi kurudi kwetu, na kijiji hakina sheria ya kunizuia, nikitaka atanisindikiza hadi kituo cha polisi waje na mimi. Nilimwambia najua. Lakini mimi ndiye niliyeomba waulizwe. Siwezi kuuliza watu, halafu nikasikiliza jibu moja tu ninalolitaka. Ackson alikuwa tayari kurudi barazani na alikuwa ameshinda. Mimi nimeshindwa, na nitakaa nilipo.

La mwisho ni gumu. Umesema nisifiche.

Aliyekuwa darajani Novemba nilikuwa mimi.

Nilitoka Tukuyu alfajiri kwa miguu. Nilijiambia nitaona paa la nyumba ya Mama tu, nirudi. Nilipofika darajani sikuvuka, kwa sababu mkutano ulikuwa haujakaa na upande wa pili wa mto ni kijijini. Nilisimama. Watu walipita kwenye ukungu na kukimbia, nikadhani wamenijua. Halafu nikasikia hatua, na sauti yako ikaniita Ackson.

Nilisikia kila neno. Nilitaka kugeuka nikuambie si yeye. Ningegeuka ungeona uso wangu mahali ulipokuwa unatazamia wa kwake, na ungebaki na hilo maisha yako yote. Sikugeuka. Ulipopita nilibaki na maneno yasiyo yangu. Uliniambia nikapumzike. Sikuwahi kuambiwa hivyo na mtu tangu siku ile, na hukuwa unaniambia mimi.

Nimekuibia, Mama Felista. Sijui namna ya kukurudishia.

Nafanya kazi ya kupiga pasi hapa kwa Hasheem. Tunaomba turuhusiwe kurudi gerezani kila Jumamosi kufundisha darasa, bwana jela bado anafikiri. Baridi sijui kama imepungua. Sitavuka daraja. Toa gogo mlangoni.

Hezron


Lupepo
26 Februari 1995

Hezron,

Nilipoisoma barua yako niliichana. Baadaye nikaokota vipande, maana Mama mkwe alikuwa amekaa pale anauliza umesemaje.

Maneno yale hayakuwa yako. Nilimtunzia mume wangu miaka tisa, sikuwa hata nimeyasema kanisani. Nilipoyatoa nilishusha mzigo, kumbe nimeutua mikononi mwa aliyenitwika. Nimekuchukia upya, Hezron, kama vile ni juzi. Halafu siku ya tatu nikiwa napalilia nilijiuliza, kama asingekuwa yeye, ningeyasema lini?  Jibu usilitafute wewe.

Nilikwenda mkutanoni nikawaambia aliyekuwa darajani alikuwa nani. Sikutaka waendelee kumwogopa Ackson. Ilikuwa vurugu. Mmoja akataka kura irudiwe, kwamba kama ulifika mpaka pale na ukageuka, basi wewe si yule wa zamani. Mwingine akasema umefanya ujasusi na tukuripoti. Bwana Amoni alisema kura imeshapigwa na itabaki, anayetaka jambo lirudishwe alete ombi mavuno yakishapita, kama ombi lolote. Mimi sijasema nitaleta. Sijasema sitaleta.

Mama mkwe alisikiliza yote hayo amefunga macho. Tulipofika nyumbani akaniuliza swali moja, "Siku ile darajani alikuwa amevaa nini?"

Nikamwambia shati tu, na lilikuwa limelowa.

 Kisha akalia, kwa sauti, mpaka majirani wakaja, nao wakakaa naye. Hakuna aliyemuuliza anamlilia yupi.

Kura ilisema wewe usirudi Lupepo. Haikusema yeye asitoke. Alhamisi nitamleta Tukuyu. Nitamfikisha hadi kwenye ngazi za duka la huyo Mwanahalima, halafu mimi nitakwenda sokoni. Sitaingia, na usinitokee.

Macho yake hayaoni vizuri tena. Usimkimbilie kumshika. Simama mbele yake kwanza, umtajie jina lako, ajue ni yupi.

Sekela